Moyo Unaorudi Nyuma

Walikutana ughaibuni, dukani kwa Mitesh, Kingsbury Road, Jumamosi ya vikumbo, wote wawili wameshika fungu la mwisho la matembele.

"Dada, achia. Nimetoka mbali, Thornton Heath, kwa ajili yake."

"Basi kaka, nitayapika mimi, uje ule."

Haika alivaa gauni la kitenge cha njano chini ya koti zito. Ulimboka akaenda kula, akanogewa, na miezi minne ikapita wakiitana mpenzi.

Jumanne moja Haika akampigia kutoka kituo cha basi.

"Uli, sitaki kukuficha. Moyo wangu unarudi nyuma."

"Unarudi nyuma?"

"Ulianza zamani, kabla yako."

Ulimboka akakata simu. Kabla yake alikuwepo Noel, nani asiyejua? Hasira hasara, lakini mwenye wivu hasikii la mhenga. Simu kumi na moja za Haika zikaita mpaka zikachoka.

Wiki ya tatu akapiga Placida, nesi anayeishi na Haika. "Shemeji, una roho gani wewe? Mwenzio amelazwa."

Alimkuta wodini, midomo imepauka, anahema kama aliyepanda ngazi.

"Nilidhani umerudi kwa Noel," Ulimboka akasema, aibu imemjaa.

Haika akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Damu ndiyo inarudi nyuma, bwana. Vali, kile kilango cha moyo, haifungi. Niliugua homa ya baridi yabisi nikiwa darasa la nne, Moshi. Daktari kanieleza kwa English, nikakutafsiria."

"Si wakupasue?"

"Mpaka uvimbe ushuke. Wanapima damu, wanaita CRP. Ikiwa juu, moyo bado unawaka ndani. Juzi hamsini na nne, leo sitini na moja."

"Inatakiwa ngapi?"

"Chini ya tano."

Ulimboka akavuta kiti, akaketi. Wiki tatu nzima alikuwa amemwachia mzigo huo peke yake, na ilimuuma.

"Sikiliza," Haika akasema taratibu. "Wakiniwekea vali ya chuma, nitameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yangu yote. Kuzaa kutakuwa hatari. Mama yako anataka wajukuu. Nenda tu, sitakulaumu."

"Mama nitaongea naye mimi."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba naoa. Ukikubali."

"Ngoja kwanza majibu ya kesho."

"Kesho inaweza kuwa sabini, Haika. Nimekuuliza leo."

Haika akageukia ukutani, machozi yakimtoka. Kisha akajisogeza pembeni ya kitanda, akamwachia nafasi.