Mkono Unaoachia Polepole

Kikombe cha bati kiligonga ukingo wa beseni, kabla hakujapambazuka. Léonard alijiinua kitandani, akasikiliza. Maji yalimiminika, kisha mswaki ukaanza: juu, chini, juu, chini. Binti yake Bénie, wa miaka minane, alikuwa akipiga mswaki peke yake. Ilikuwa siku ya ishirini sasa. Baba mwingine angeruka kwa furaha. Léonard alijifunika shuka hadi usoni, akamwaza Wivine.

Walikutana katika duka la dawa katikati ya jiji, Jumamosi yenye msongamano. Bénie ana usonji. Siku hiyo alikuwa amelala sakafuni, ameziba masikio, anapiga mayowe, na wateja walikuwa wamemkodolea macho. Mwanamke wa kitenge cha njano akachuchumaa karibu naye bila kumgusa.

"Muache mutoto apumue," aliwaambia watu. Wakasogea. Akamgeukia Léonard. "Iko nini ilimukasirisha?"

"Mswaki. Nilimuonyesha tu. Nyumbani, nikijaribu kumusukula meno, anauma."

"Anauma nani?"

Léonard akaonyesha kidole chenye kovu. Wivine akacheka.

"Pole, papa. Mi natumika kazi kwa muganga wa meno, nafundishaka batoto kama yeye. Nitakuja. Lakini vidole vyako, uviweke mufukoni!"

Akaja kila Jumamosi. Alibandika ukutani picha tano, kuanzia kushika mswaki hadi kusukutua. Wiki mbili za kwanza, Bénie aliushika mswaki tu, na Wivine akampongeza kana kwamba ameshinda mtihani. Alimwongoza kwa kumshika mkono. Baadaye akamshika kiwiko tu. Baadaye akasimama mlangoni.

Baada ya somo, walikunywa chai. Wivine alimtania Léonard kwa mashati yake yasiyopigwa pasi, naye Léonard akaanza kuyapiga pasi. Kisha Jumamosi moja Wivine hakukaa kunywa chai. Iliyofuata alibaki nje getini. Halafu hakuja tena.

Asubuhi hiyo, kulipokucha, Léonard alishindwa kuvumilia. Akapiga simu.

"Allô? Léonard? Bénie iko mugonjwa?"

"Hapana. Anasukula meno ye peke yake. Kila siku."

"Basi kazi yangu iliisha," Wivine alisema kwa sauti ndogo.

"Njo maana ulikuwa unanikimbia?"

"Kukukimbia! We mwanaume! Nikibaki pale, mutoto atasukula meno mbele yangu tu. Ilibidi nitoke: kwanza mukono, kisha chumba, kisha nyumba. Ulizania natoka kwako?"

"Nilizania umetuchoka."

"Na mi nilingoja uniite. Wiki tatu! Nikasema, kumbe alitaka mwalimu tu."

Léonard akamwita aje siku hiyohiyo. Saa nne Wivine alikuwa amefika, amevaa gauni la buluu, nywele amesuka upya. Bénie hakumsalimu. Alisogea tu kwenye benchi, akamwachia nafasi, na Wivine akaketi taratibu, macho yamemlowa. Walikunywa chai wote watatu.

Alipoinuka kwenda, Léonard alimsindikiza hadi barabarani.

"Jumamosi kuja tena."

"Kufanya nini? Meno iko safi."

"Kuja bure, chérie," Léonard alisema, akimwita mpenzi kwa mara ya kwanza. "Hakuna kazi. Kuja tu tena."