Jimbo la Ishirini na Nne

Gari la Bunge lilikuwa limeshaondoka.

Agaba Ogwuche aliwahi kuliona kwa nyuma tu, Hilux nyeupe ikipanda daraja la Jamata. Akakanyaga mafuta. Corolla yake ilikuwa chakavu kwa nje, lakini injini waliyoiweka mafundi wa Idara ya Usalama haikufanana na sura hiyo.

Redio ikakoroma. Bosi alimwita kwa namba yake ya kazi.

"Tisa, uko wapi?"

"Mita mia tatu nyuma yao."

"Usijionyeshe. Bahasha ifike Abuja kabla ya saa kumi."

"Ikichelewa?"

"Katiba itabaki ilivyo. Macho kwenye bahasha, Tisa. Si kwingine."

Bosi alijua. Idara nzima ilijua.

Ndani ya bahasha mlikuwa na azimio la Bunge la Jimbo. Marekebisho ya katiba yalishapita Bunge la Taifa, Abuja, sasa yalitaka ridhaa ya majimbo ishirini na manne kati ya thelathini na sita. Ishirini na matatu yalishaleta. Hili lilikuwa la ishirini na nne, na leo ilikuwa siku ya mwisho. Kifungu kipya kilisema hakuna atakayechimba lithiamu mpaka jimbo lenyewe litunge sheria yake na wenye ardhi wasikilizwe. Waliozoea kuyasomba mawe yetu kwa magendo hawakulala usingizi tangu walipokisikia.

Jana, wakati wa kura, askari hamsini waliizunguka siwa, rungu la mamlaka ya Bunge. Kwetu mtu akitaka kuvuruga kikao cha bunge, hunyakua siwa akakimbia nayo. Jana hakuna aliyeisogelea.

Hilo lilimtia Agaba shaka. Lakini kiti cha nyuma cha ile Hilux kilimtia shaka kubwa zaidi.

Akainua darubini ndogo ya Zeiss. Ladi, Karani wa Bunge, aliyekuwa mke wake. Pembeni yake Mheshimiwa Ekpa, mbunge, kaftani ya bluu iliyopigwa pasi ikasimama. Ladi alikuwa anacheka mpaka anashika kifua.

Miaka sita ya ndoa, Agaba hakuwahi kukisikia kicheko cha namna hiyo.

Mjini Abaji wakasimama kula. Danlami, dereva, akabaki garini na mkoba wenye bahasha. Prado nyeusi ikaja ikaegeshwa ubavuni mwa Hilux.

Agaba hakuiona ikifika. Alikuwa anamtazama Ekpa akichambua samaki, anatoa miiba mmoja mmoja, minofu anaiweka kwenye sahani ya Ladi.

"Tisa, bahasha?"

"Iko garini."

Alijibu kabla ya kutazama. Alipotazama, Prado ilikuwa inaondoka.

Hilux ilipoondoka, akaifuata.

Kilomita tano mbele akaipita Hilux, akaifungia njia. Ladi akashuka.

"Si ungepiga simu tu, Agaba."

"Fungua bahasha."

"Ina lakiri ya Bunge."

"Na muhuri unao mkobani. Utaifunga tena. Kuna gari lilisimama karibu yenu."

Ilikuwa kweli, ila nusu. Nusu ya pili alitaka kuona Ekpa alivyopiga kura. Aliomba kimoyomoyo iwe Hapana. Hapana moja tu, apate kumshuku amehongwa na wa magendo, amtie pingu mbele ya Ladi.

Ladi akatoa bahasha mkobani, akavunja lakiri.

"Unatafuta jina lake. Haya, soma, upone."

"Msomee, Madamu," Ekpa akasema kutoka garini. "Huyu mtu anaumwa."

Agaba akasoma mwenyewe. Mheshimiwa Ekpa: Ndiyo.

Kidole kikateleza mstari mmoja chini. Mheshimiwa Ujah: Ndiyo.

"Ujah yupi huyu?"

"Tuna Ujah wangapi?" Ekpa akasema. "Yule tuliyemzika mwezi uliopita. Nilibeba jeneza lake. Zito kama hotuba zake."

Ladi akaipokonya karatasi. Uso ukambadilika.

"Hii si yangu. Kiti cha Ujah kiko wazi, hata uchaguzi mdogo bado. Marehemu akipiga kura, mahakama inafuta azimio lote. Abuja wangepokea, tungesherehekea, halafu tungeambiwa tumebaki ishirini na matatu na muda umekwisha."

Mlango wa dereva ukafunguka. Danlami akachomoka mbio. Ekpa alitoa mguu tu. Danlami akala vumbi.

"Ya kweli iko wapi?" Agaba akauliza, Beretta mkononi.

"Kwenye Prado, oga, mkubwa wangu. Anayo Mbelgiji wa magendo, Claes. Anawahi ndege. Anataka kuwaonyesha mabosi wake kwa macho."

Corolla ikaunguruma.

Mia na arobaini. Mia na sitini.

Foleni ya Gwagwalada ndiyo iliyomsaidia. Prado ilikuwa inajipenyeza pembeni mwa barabara, inapiga honi. Risasi mbili. Tairi likapasuka, gari likalala mtaroni.

Claes alikuwa na karatasi mkono mmoja, kiberiti cha Zippo mwingine. Pembe ilishashika moto.

"Niliambiwa wewe unamtazama mwanamke, hutazami kazi," akasema.

"Nilikuwa namtazama. Ndiyo maana niko hapa."

Agaba akaufumbata moto kwa kiganja. Ngumi ikafuata. Sahihi ya Spika na ya Karani zilikuwa salama.

Hilux ikafika, Ekpa kwenye usukani, Danlami kafungwa nyuma. Agaba akampa Ladi karatasi kwa mkono usioungua.

"Alipiga Ndiyo," akasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyehesabu."

Agaba akafunga kitambaa kiganjani, akarudi kwenye Corolla, akawasha redio.

"Tisa hapa. Bahasha inaendelea na safari."

Azimio lilipokelewa saa tisa na dakika arobaini. Danlami alifungwa miaka saba. Claes alihukumiwa, kisha akarudishwa kwao. Kiti cha Ujah kilichukuliwa na binti yake. Sheria ya kwanza ya madini ya jimbo ilisomwa mara ya tatu mwezi Machi, ikapita, gavana akaitia sahihi baada ya kununa wiki mbili. Ladi na Ekpa walioana Desemba. Agaba alialikwa, hakwenda. Yuko Maiduguri sasa, hajaoa tena.