Nguzo Nyekundu ya Mwalimu Kanuni

Jirani zangu, ninyi mnaopokea picha kwenye simu na kuzisambaza kabla chai haijapoa, hebu sogeeni. Haya yaliipata nyumba iliyokuwa na amani kuliko nyingi.

Jumamosi moja alasiri, mama wa nyumba hiyo, fundi cherehani, alikuwa anapiga pasi sare za shule. Bintiye wa darasa la tatu alikuwa anamsimulia jinsi mbuzi alivyoingia darasani. Mtoto huyo walimwita Chiriku, maana hata mdomo ukiwa umejaa chakula hakunyamaza. Baba alikuwa mezani na kompyuta yake. Alifundisha hesabu katika shule ya bintiye, na wanafunzi walimpachika jina la Kanuni.

Mama alizaliwa ng'ambo ya mlima. Miaka ya karibuni watu wa kwao walikuwa wamehamia mtaani hapo kwa sababu ya ukame, na watoto wao walisoma shule ile ile. Mkuu wa shule alitaka kujua wanafunzi wanazungumza lugha gani nyumbani, ili aombe walimu wa kuwasaidia. Nia ilikuwa njema. Kanuni akapewa kazi ya kuchora chati.

Hesabu yenyewe haikuwa na makuu. Mwaka uliopita, katika kila watoto mia, kumi na mmoja walizungumza lugha ya ng'ambo nyumbani. Mwaka huu ni kumi na watatu. Kanuni alichora nguzo mbili kuanzia sifuri, zikatoka karibu sawa kwa urefu.

"Haina mvuto hii," alinong'ona.

Nafasi ya makamu mkuu ilikuwa wazi, naye aliitamani. Basi akaifuta sifuri, akaanzisha chati kwenye kumi. Nguzo ya kwanza ikabaki kisiki, ya pili ikasimama mara tatu yake. Akaipaka rangi nyekundu. Watoto themanini na saba waliobaki hakuwachora kabisa.

Jumatatu, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke kijana aliyekaa meza ya jirani katika ofisi ya walimu, aliitazama akakunja uso.

"Kaka, mbona hazianzi sifuri? Na hao wengine wako wapi? Mtu akiiona hivi atadhani tumevamiwa."

"Dada yangu, namba ziko pembeni. Anayejua kusoma atasoma."

Enyi wenzangu, nani husoma namba ndogo mbele ya nguzo nyekundu?

Mkuu wa shule alifurahi, akaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na geti. Mzazi mmoja akaipiga picha. Kufikia jioni ilikuwa imezagaa kwenye simu za mtaa mzima, ikiwa na maneno mapya chini yake: "Wameongezeka mara tatu. Wetu watakaa wapi?"

Mama alikuwa wa kwanza kuonja uchungu wake. Muuza nyama aliyemzoea miaka yote alimpita kwa macho, akahudumia watu wa nyuma yake.

"Subiri wewe. Wenyeji kwanza."

Alirudi na kikapu kitupu, asimwambie mumewe. Lakini siku iliyofuata Chiriku aliingia ndani kola ikiwa imechanika, akakaa pembeni ya kabati bila kusema neno. Nyumba ile haikuwahi kuusikia ukimya wa namna hiyo.

"Nani amekufanya hivi, mwanangu?" mama aliuliza.

"Wanasema mimi ni nguzo nyekundu. Mama, nguzo nyekundu ni nini?"

Mama alimgeukia mumewe.

Kulipokucha Kanuni alimwacha Chiriku darasani mapema, akaenda getini kuibandua ile chati. Alichelewa. Kabla kengele ya kwanza haijalia, geti lilikuwa limezingirwa. Wazazi wanaume waliokuja kila muhula na kumshika mkono sasa walishika fimbo, na wengine walipeperusha karatasi zenye mchoro wake. Mlinzi alikuwa ameegemea geti kwa mgongo kulizuia.

"Watolewe wa ng'ambo! Leo leo!"

Kanuni alikimbilia darasa la tatu. Madawati ya watoto wa ng'ambo yalikuwa matupu. Akalizunguka jengo akiita jina la mwanawe, mpaka mlango wa stoo ya vifaa ulipofunguka kidogo. Mwalimu yule mdogo alikuwa ndani na watoto wa ng'ambo, wamebanana kati ya mafagio na madawati mabovu, kila mmoja amejiziba mdomo kwa viganja. Chiriku alikuwa miongoni mwao. Alimtazama baba yake kama mtu asiyemfahamu.

Jiwe likavunja kioo juu yao. Mtoto mmoja akapiga yowe, damu ikamtiririka usoni.

Kanuni alirudi getini na chaki mkononi.

"Nisikilizeni! Nimekosea mimi!"

"Wewe ndiye uliyechora, Mwalimu!" muuza nyama alifoka. "Hesabu hazidanganyi!"

"Hesabu hazikudanganya. Mchoro ndio uliodanganya, na mkono ni wangu!"

Akaugeukia ukuta wa darasa ulioonekana kupitia vyuma vya geti. Alichora mstari, akaandika sifuri kubwa, akapandisha nguzo mbili kutoka hapo. Pembeni yake akachora nyingine ndefu ajabu, ya watoto wote waliosalia. Chaki ilikatika mara kwa mara kwa jinsi alivyoikandamiza.

Muuza nyama alihesabu kwa kidole. "Yaani katika mia wameongezeka wawili tu?"

"Wawili tu. Na mmoja wa hao mnaotaka watolewe ni binti yangu."

Fimbo yake ikashuka. Waliokuwa mbele walianza kuondoka wakikwepana macho. Wa nyuma, ambao hawakuuona ukuta, waliendelea kupiga kelele mpaka polisi walipofika.

Watoto walitoka salama, isipokuwa yule mmoja. Jicho lake la kushoto halikupona.

Jioni ile mama alifunga nguo zake na za Chiriku.

"Mke wangu, nisamehe. Watu wametulia sasa."

"Nimekusamehe, baba Chiriku. Lakini siku zote niliogopa ya nje. Sikujua kwamba yanachorwa mezani kwangu, mimi nikipiga pasi sare za shule." Akamshika bintiye mkono. "Mtoto hawezi kulala hapa. Acha nimpeleke kwa bibi yake."

Muhula umeisha, mwingine umeanza, hawajarudi. Kanuni alikataa umakamu alipopewa.

FUNZO

Wenzangu, chati ni ushahidi kuhusu watu, na watu hao wana majina na watoto. Anayeichora aanze na sifuri, awaonyeshe wote, wengi na wachache, wala asikuze jambo ili asifiwe. Nawe unayeipokea, soma namba kabla hujaokota jiwe. Kuna mtoto anajifunza upya kusoma, kwa jicho moja.