Mnada wa Jikoni

Siku ya kwanza, mke wa mnadi alidhani mumewe amepona. Alikuwa sebuleni, mguu juu ya cherehani, anakunja pindo la sare ya shule, jua la alasiri linawaka nje, aliposikia sauti ya mumewe jikoni ikinadi kama zamani.

"Haya haya, wateja wangu! Kijiko hiki, hakina kutu, hakina kovu! Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Alitupa sare akakimbia. Jikoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya kinywa kilichofumbwa siku tatu bila mswaki, nzito, imeshika hadi mapazia. Mumewe alikuwa kibarazani kwenye kiti chake, mdomo umekwenda upande, bakuli la supu limepoa mapajani.

"Ki... kiatu," alisema, akatikisa kichwa kwa hasira. "Siyo. Ki... kiti. Aa!"

"Kijiko!" mkewe akamkata. "Unataka kijiko, sema kijiko!"

Huko jikoni nyundo ya mnada iligonga meza, ko! Tangu hapo neno kijiko halikumjia tena mumewe, wala hakulielewa hata alipotamkiwa.

Huyu bwana, kabla ya kiharusi, mji mzima ulimwita Kasuku. Angekuuzia kiti ulichokalia mwenyewe, nawe ukamshukuru. Miezi mitatu nyuma mshipa ulimpasuka kichwani katikati ya mnada, nyundo mkononi, akaanguka. Daktari aliwaeleza vizuri: akili ipo, anawasikia, ila mahali panapotunza maneno pameumia. "Msimmalizie maneno. Msubirini ayatafute mwenyewe."

Rahisi kusema! Daktari haishi naye. Daktari hakukaa robo saa nzima akimtazama mwanamume mzima anapigana na neno maji, ngumi amezikunja, machozi yanamlenga. Mkewe subira ilikuwa imemwisha. Alimmalizia maji, akammalizia dirisha, akammalizia shati, na kila mara nyundo iligonga jikoni na neno likapotea moja kwa moja. Alichukia ile nyundo, akamchukia mumewe kwa kukwama, kisha akajichukia mwenyewe kwa kumchukia mgonjwa.

Wifi yake ndiye aliyemleta mganga, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee alinusa mlangoni mwa jiko, akarudi nyuma.

"Jini," alinong'ona. "Mumeo alipoanguka, huyu aliiokota kazi yake. Sasa ananadi maneno ya mgonjwa. Wewe ni mke wa mnadi, niambie. Kitu kikinadiwa mara tatu, asitokee wa kuitikia?"

"Kinarudi kwa mwenyewe."

"Na mtu akipaza sauti?"

"Kimeuzwa." Akaziba mdomo. "Mungu wangu. Mimi?"

"Wewe. Ukimmalizia mumeo neno, umeitikia mnada. Wewe unaitikia, jini anabeba." Mzee alishusha sauti zaidi. "Kesho atanadi neno kubwa. Likipita mara tatu bila mtu kuitikia, mumeo akalitamka mwenyewe, jini hana kazi tena hapa, atahama. Lakini usitie neno, mama. Hata herufi moja."

"Hata akilia?"

"Hata akilia."

Kesho yake alasiri walikaa kibarazani, yeye na mumewe, goti kwa goti, mke ameuma kipande cha kitambaa kama aliyeng'olewa jino.

"Wateja wangu!" sauti ilitoka jikoni, laini, imeshiba. "Leo sina kijiko, sina shati. Leo nauza mke wangu. Neno tamu, limetumika miaka ishirini na mbili! Mara ya kwanza!"

Mumewe alishtuka. Alimwelekezea mkewe kidole kifuani. "M... mkate. Mkeka. Siyo! M..."

"Mara ya pili!"

Harufu ile ikatoka jikoni ikapita sebuleni ikawafikia kibarazani, mkewe akahisi pumzi ya mtu shingoni ingawa nyuma yake palikuwa na ukuta, na mbele yake mumewe anatokwa jasho, mishipa ya shingo imemsimama, anapiga paja kwa ngumi, anafungua mdomo na kuufunga na kuufungua tena, na mkewe akazidi kuuma kitambaa mpaka fizi zikatoa damu.

"Mke..." alisema mumewe. Macho yalimtoka kwa furaha. "Mke... w... w..."

Lilibaki kidogo tu, jamani. Kidogo tu! Lakini dakika zilipita na ile "w" haikuzaa kitu, akaanza kulia kama mtoto, na mkewe damu ikamchemka, kitambaa kikamdondoka.

"Wangu!" alipiga kelele. "Mke wangu! Sema basi, mke wangu!"

Ko!

Mumewe aliacha kulia. Alimtazama kwa adabu, kama mteja aliyefuata nguo zake, akasogeza kiti kumpisha.

Halafu kutoka jikoni, polepole, bila kunadi, kwa sauti ile ile iliyomtongoza usichanani:

"Mke wangu. Njoo."

Miezi mitatu hakuna aliyemwita hivyo. Alijua vizuri kabisa nani anamwita. Akaitika, akaingia ndani.