Ukuta Uliokunywa Maji

Jua likichomoza pale Kasongo, fagio la Faida lilikuwa limekwisha anza kazi. Wakati ule wa Wabelgiji, wakaguzi wa usafi walipita mitaani, na uwanja mchafu ulikuwa na faini. Lakini Faida hakufagia kwa hofu. Alipenda sifa! Majirani walisema ungeweza kumwaga wali kwenye uwanja wake ukaula.

Vumbi alilisukuma mpaka chini ya ukuta, akalishindilia kwa mguu. Hakulitupa njiani. Mama mkwe wake alimfundisha: "Taka ya nyumba ikitupwa njiani, riziki inatoka nayo." Mumewe aliitwa Amuri; bibi yake Amuri naye alifanya vivyo hivyo katika nyumba hiyo hiyo, nyumba ya zamani ya udongo yenye kuta nene.

Shida ilikuwa moja. Ukuta wa chumba cha kulala ulilowa. Chini ulikuwa mweusi, unanuka uvundo. Hemedi, mtoto wao mdogo, alilala mkekani kando yake na kukohoa usiku kucha. Basi Amuri akanunua simenti, akaupaka ukuta ndani na nje. Ukang'aa!

"Sasa maji itapita wapi?" Amuri alijigamba.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Faida alimbeba Hemedi kwenda kumpa uji. Hajafika mlangoni, puu! Simenti na kipande cha ukuta vilianguka juu ya mkeka. Faida aligeuka. Mto wa mtoto haukuonekana tena. Akaketi chini, mtoto kifuani.

"Mama yangu weee!"

Jirani yake Léocadie, ambaye Faida alimwita yaya, yaani dada mkubwa, alikuja mbio. Alikuwa mwenyeji wa Kabambare, na kwa miaka mingi alikuwa akikandika nyumba za udongo.

"Mutoto iko muzima?"

"Iko muzima, yaya. Lakini angalia! Angalia pale alikuwa analala!"

Léocadie alishika mdomo. Kisha akaokota bonge la udongo, akaliminya. Likalainika kama bukari, yaani ugali.

"Paa haivuji!" Amuri alisema, akiingia kutoka nje. "Nimepanda mwenyewe kuangalia."

"Ndiyo, Baba Hemedi. Maji ya paa inashuka, inachora mistari toka juu. Hii inatoka chini, inapanda. Ukuta wa udongo unapumua. Umeufunga na simenti, maji imekosa mlango. Imebaki ndani, inakula ukuta."

"Toka chini wapi?"

Léocadie aliwatoa nje. "Sakafu yenu iko chini. Udongo wa nje iko juu yake, inafika karibu na goti. Mvua ikinyesha, ukuta unakunywa. Mama Hemedi, nani alileta udongo hapa?"

Faida alilitazama fagio. "Ni mimi," alisema. "Yaya, ni mimi! Nilikuwa naua mutoto wangu?"

"Si wewe peke yako," Amuri alisema polepole. "Ni mama. Ni bibi. Sisi wote."

"Na riziki?" Faida aliuliza.

"Chimba shimo la taka kule kwenye migomba, ndani ya uwanja," Léocadie alimjibu. "Riziki haitavuka njia."

Hemedi alipelekwa dispanseri akapewa dawa, kisha akalala kwa Léocadie. Amuri aliuegemeza ukuta kwa miti. Udongo wakauondoa kipande kwa kipande, kwa maana ukichimba wote kwa mara moja, ukuta unaweza kuanguka.

Mbele ya mlango jembe liligonga kitu. Jiwe. Chini yake jiwe lingine, pana, limechongwa.

"Ngazi!" Amuri alipiga kelele. "Nyumba yetu iko na ngazi! Nimezaliwa hapa, sijaziona hata siku moja!"

Waliendelea kuchimba, na chini ya kuta wakakuta msingi wa mawe.

"Babu alijenga juu ya mawe ili maji isifike kwenye udongo," Amuri alisema. "Sisi tumeizika nyumba ikiwa hai."

Walichimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Wakabandua simenti yote, wakaacha ukuta ukauke kiangazi kizima. Ndipo wakaziba palipobomoka na kukandika kwa udongo, mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, kisha wakapaka chokaa.

Mvua ilipoanza tena, siku Hemedi aliporudi kulala chumbani, Faida alisimama mlangoni, roho mkononi. Maji yalikuja kwa nguvu, yakaingia mfereji, yakaenda zake. Alirudi chumbani akaweka shavu ukutani. Mkavu!

Ndipo aliposhtuka. Chumba kilikuwa kimya mno. Kikohozi alichozoea kukisikia hakikuwapo. Aliinama mbio mkekani, akaweka kiganja puani mwa Hemedi.

Mtoto alikuwa anapumua vizuri.

"Nini tena?" Amuri aliuliza.

"Hapana kitu," Faida alisema, akifuta machozi. "Iko nalala tu."