Pilipili Tumboni mwa Mheshimiwa Godoro

Kila Jumatano, baada ya uji wa saa nne, darasa la sita lilisogeza madawati ukutani na kuketi sakafuni. Ndipo Mama Kavugho alipoingia na sanduku lake la vikaragosi. Alikuwa msanii kutoka Butembo, Kongo, aliyezunguka shule za Kampala akifundisha kwa maigizo. Vikaragosi alivitengeneza mwenyewe kwa sponji la magodoro makuukuu na vitambaa vya mitumba vya soko la Owino, akaviunganisha kwa gundi.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa Mheshimiwa Godoro, diwani mwenye tai, kitambi na majivuno. Ukimvaa mkononi, anayesema si wewe tena, ni yeye, na ilikuwa marufuku kumkemea mtu kwa maneno ya Mheshimiwa. Kwa kinga hiyo alikuwa amekwisha kulalamikia vyoo, maharagwe yenye wadudu na hesabu za Mwalimu Opoka, mwalimu wao wa darasa.

Zahara, binti wa muuza viungo wa Kisugu, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na utumishi mrefu katika fani ya utundu. Aliposikia kwamba Jumatano hiyo Mwalimu Opoka mwenyewe angemvaa Mheshimiwa, aliona historia inamwita. Asubuhi alichota vijiko viwili vya pilipili ya unga dukani kwa baba yake, akaifunga kwa karatasi. Wakati wa uji, sanduku likiwa limeachwa barazani, akaimimina ndani ya kikaragosi, kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji.

Historia, hata hivyo, ilikuwa na ratiba yake. Mwalimu Opoka aliitwa mkutanoni. Mama Kavugho akaangaza macho darasani, akamchagua Aloyo, msichana mpole wa kota za polisi za Nsambya, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amesema neno mbele ya wenzake. Zahara aliinua mkono amzuie. Kisha akaushusha.

Aloyo alimvaa Mheshimiwa, akakohoa kidiwani, akaanza kuwaahidi wananchi lami mpaka jikoni. Darasa lilicheka hadi likashika mbavu. Kisha Aloyo akamvua, akajifuta jasho usoni kwa mkono uleule, na kicheko kikakatika. Alikuwa amejikunja sakafuni, akilia kwamba macho yanamwasha.

Walimwosha kwa ndoo mbili za maji, wakampeleka hospitali. Daktari alisema angepona, ila akae nyumbani siku chache. Mwalimu mkuu, Bi Namalwa, aliamua kwamba kosa ni la gundi ya vikaragosi. Mama Kavugho hakujitetea. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kweli juma lile alikuwa amebadilisha gundi, na kwamba hatamhatarisha mtoto mwingine. Ijumaa angevichoma vikaragosi vyote, na asingerudi tena.

Wasim, aliyekaa dawati moja na Zahara, alikuwa ameiona karatasi ya pilipili. Alimshauri kwa hekima yake yote.

"Nyamaza tu, Zahara. Gundi imeshakubali kosa."

Zahara alinyamaza siku nzima ya Alhamisi, na haikumsaidia.

Ijumaa mchana alimwona Mama Kavugho ameinama kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Bi Namalwa alikuwa amesimama kando. Zahara alikimbia, akamtoa Mheshimiwa sandukuni, akaingiza mkono mlemle alimomimina pilipili.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alisema, "gundi haina hatia. Tumbo langu lilitiwa pilipili na mtu fulani."

"Mtu gani, Mheshimiwa?" Bi Namalwa aliuliza.

Mheshimiwa alitazama chini.

"Mvue," alisema Bi Namalwa. "Ameanza vizuri. Kumaliza ni kazi yako."

Zahara akamvua. Bila yule diwani mkononi alijiona mdogo sana.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilimtegea Mwalimu Opoka, akaumia Aloyo."

Mama Kavugho aliweka chupa chini, akaketi juu ya sanduku.

"Mwanangu," alisema, "siku mbili hizi nimeitazama mikono yangu nikidhani nusura impofushe mtoto."

Hakumgombeza zaidi ya hapo. Zahara angependa agombezwe.

Jumamosi alifua vikaragosi kumi na vinne, ndani na nje, huku mikono ikimwasha. Kisha baba yake akampeleka Nsambya kuomba radhi, akitembea kwa adabu zote za mtu anayekwenda mbele ya afande. Babake Aloyo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita binti yake. Macho ya Aloyo yalikuwa mekundu bado.

"Mheshimiwa mzima?" Aloyo aliuliza.

"Yuko kwenye kamba ya nguo. Anakauka."

"Jumatano usimguse. Sikumaliza hotuba yangu."

Jumatano Bi Namalwa alikuja darasani mwenyewe. Alimtaka radhi Mama Kavugho mbele ya wote kwa kuilaumu gundi bila kuuliza, kisha akamgeukia Zahara.

"Mzaha ulimuumiza Aloyo, na hilo ulilijua siku ileile. Lakini kosa ulilolinyamazia halikupotea. Lilikwenda kukaa mabegani mwa mtu asiye na hatia, naye akalibeba siku mbili. Ukikosea, sema mapema, kwa kinywa chako mwenyewe."

Zahara aliitikia kwa kichwa. Kisha akasogea kando, akampisha Aloyo apite mbele.