Uzi Mguuni mwa Kinda

Kila siku alipotoka shule, kabla hajafungua hata daftari, Sindano alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemsaidia: kufagia nyuzi. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa cha kazi. Ikifika saa kumi jioni, sakafu ilikuwa imejaa vipande vya uzi vya kila rangi, vyepesi na vikaidi, vinavyong'ang'ania fagio kana kwamba vimeambiwa visitoke. Alivikusanya, vingine akavidonoa kwa vidole, akavitia kwenye mfuko uliokaa nyuma ya mlango.

Shuleni alikuwa na jina refu zuri, lakini mtaani kila mtu alimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, na mama yake alikuwa mtu wa utani.

"Sindano, niletee sindano," mama alizoea kusema. "Iletwe na wewe, mje wote wawili."

Nyumba ile ilijaa vitu vizuri, ila vyote vilikuwa vya wenyewe. Gauni la hariri, la bibi harusi. Suti ya kijivu, ya mwalimu mkuu. Hata vifungo vya kung'aa kwenye boksi la viatu vilikuwa na mwenyewe. "Usiguse, ni cha mtu," ndiyo kauli aliyoisikia Sindano tangu alipoanza kutambaa. Shuleni, mwenzake wa dawati, kijana mmoja aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa na sungura wawili, na haikupita siku bila yeye kutoa habari zao. Sindano hakuwa na mnyama hata mmoja wa kumsimulia.

Alhamisi moja upepo mkali ulivuma mchana kutwa, ukayapigapiga mabati. Sindano alitoka kukung'uta fagio, akasikia sauti nyembamba chini ya ukuta. Chii, chii. Mchangani, chini ya upenu, walilala makinda wawili wa shomoro. Manyoya yalikuwa ndiyo kwanza yanachipua mgongoni, matumbo wazi, midomo ina kingo za manjano.

Alitazama juu. Pale bati lilipokutana na ukuta palikuwa na mwanya, na nyasi kavu zilining'inia nje yake. Kiota kilikuwa pale pale, kimepinda kidogo tu. Kinda wa tatu alitoa kichwa, akapanua mdomo. Mama yao alikuwa ametua kwenye kamba ya kuanikia nguo, kiwavi mdomoni, akirukaruka huku na huku. Baadaye aliingia mwanyani, akatoka mdomo mtupu. Sindano aliona yote hayo vizuri kabisa.

Ngazi ilikuwa kwa jirani, fundi wa kupaka rangi nyumba, hatua ishirini hazifiki. Lakini Sindano aliwatia wale wawili kwenye kiganja chake. Walikuwa na joto, na mioyo yao ilidunda mbio. Akawaza: hawa sasa ni wangu.

"Mama, nimeokota makinda. Wameangushwa na upepo."

Mama hakuinua macho. Kwaya ya shule ilikuwa ikiyataka magauni yake kumi na sita Jumamosi asubuhi, na tisa bado hayakuwa na mikono. "Kiota chao kiko wapi?"

"Kimevunjika."

"Na mama yao?"

"Kaenda zake."

Maneno yalitoka laini kama uzi uliopakwa nta. Mama alisimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani, akageuka kuwatazama. "Maskini, wadogo hivi. Haya, waweke pembeni, mbali na nguo za watu, na unawe mikono kwa sabuni. Jumamosi nikipumua tutauliza wanatunzwaje."

Sindano alimwaga vifungo kwenye bakuli, akachukua lile boksi. Ndani aliweka nini? Alichokuwa nacho tele: nyuzi za mfukoni nyuma ya mlango. Alizivuruga kwa vidole mpaka zikawa laini kuliko pamba, nyekundu, buluu, kijani, akaona ametengeneza kiota kinachokishinda cha nyasi mara kumi. Akachovya mkate kwenye maziwa, akawasukumia midomoni. Akaona labda wana kiu, akawatonesha maji kwa kijiko. Mmoja alipaliwa, akatikisa kichwa, kisha akatulia.

Asubuhi yule aliyepaliwa alikuwa amekauka, shingo imelala upande.

Sindano alisimama na boksi mikononi, hajui aanzie wapi. Halafu alimfunga kwa kipande cha kitambaa, akamfukia nyuma ya pipa la maji. Alipoingia ndani, mama alikuwa tayari ameketi kwenye cherehani.

"Wageni wako wameamkaje?"

"Wazima," alisema Sindano, akachukua mkoba wake.

Shuleni hakusubiri Redio aanze. "Na mimi nina ndege. Nawalea mwenyewe."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Wanakula nini?"

"Mkate na maziwa."

Redio alifikiri kidogo. "Kwani shomoro umemwona wapi akikamua ng'ombe?"

Dawati zima la nyuma likacheka. Sindano alimwambia akae kimya na sungura wake wenye masikio kama ndala. Lakini swali lenyewe lilimkaa, akatembea nalo mpaka nyumbani.

Kinda aliyebaki alikuwa hai, ila hasimami. Sindano alipomwinua, nyuzi ziliinuka pamoja naye. Uzi wa buluu ulikuwa umejizungusha kwenye mguu wake, mwembamba kama njiti, na kila alipojitikisa ulizidi kukaza. Chini ya uzi mguu ulikuwa umevimba na kugeuka zambarau. Sindano alivuta ncha moja taratibu. Kinda akalia, uzi ukazama zaidi. Akavuta ncha nyingine. Ikawa vile vile.

Mtu wa kufungua fundo kama lile alikuwa mmoja tu, na alikuwa chumba cha mbele. Lakini kumpelekea boksi maana yake ni kumwonyesha kinda mmoja mahali palipopaswa kuwa na wawili. Sindano aliketi kitandani. Alijiambia labda uzi utalegea wenyewe. Akahesabu mpaka mia. Ule mguu ulizidi kuwa mweusi.

Akainuka.

"Mama."

"Subiri nimalize pindo hili."

"Mama, mguu wake utakatika."

Mama aliangalia ndani ya boksi. Akaangalia tena. "Mwenzake yuko wapi?"

"Amekufa. Tangu asubuhi."

"Asubuhi uliniambia wazima."

Sindano alitazama vidole vya miguu yake.

"Hayo yana wakati wake," alisema mama. "Sogeza taa. Mshike, usimbane. Mfanye kama yai."

Mama alivaa miwani ya kutungia uzi. Akachukua kile kichuma kidogo chenye ncha anachofumulia mshono uliokosewa. Alikuwa na sifa mtaani kwa kazi hiyo: angeweza kufumua nguo nzima bila kuacha tundu. Aliingiza ncha chini ya uzi, akainua kiasi cha unywele, akakata. Mzunguko wa kwanza ukaanguka. Wa pili ukaanguka. Kwenye wa tatu mama aliinama mpaka pua ikakaribia boksi, kisha akaweka kichuma mezani.

"Huu umeingia kwenye nyama. Kitambaa nikikitoboa nakitia kiraka. Huyu si kitambaa. Vaa viatu, twende kwa daktari wa mifugo."

"Na magauni ya kwaya?"

"Magauni hayalii."

Daktari wa mifugo alikuwa na chumba kimoja mtaa wa pili, chenye meza ya bati na harufu ya dawa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa, na sauti ndogo kama anaongea mbele ya mtoto aliyelala.

"Shikamoo, daktari," alisema Sindano.

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea mgonjwa mwepesi."

Alimshika kinda kwa vidole viwili, akavaa kioo cha kukuza, akaingiza kibano chembamba. Ilichukua muda usiozidi wa kufunga kamba za viatu. Alikiinua kipande cha uzi wa buluu kwenye mwanga, akakiweka pembeni, akapangusa jeraha kwa dawa.

"Mguu utapona. Mngechelewa mpaka kesho, ungekatika. Wazazi wake wako wapi?"

Mama ndiye aliyejibu. "Hana wazazi, daktari. Kiota kilivunjika na upepo, na mama yao akaenda zake. Mwanangu aliniambia."

Sindano aliusikia uongo wake ukitoka kinywani mwa mama yake, umesemwa kwa moyo mweupe, kama ushahidi. Masikio yake yakapata moto.

"Basi hapo kazi ni ngumu," alisema daktari. "Huyu hulishwa wadudu tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, kila baada ya dakika chache. Maziwa yanamharibu tumbo. Maji ukimtonesha mdomoni yanaingia mapafuni. Sitawadanganya, wengi hawafiki popote mikononi mwetu. Kama kiota kingekuwepo, ningesema mkamrudishe sasa hivi."

"Kipo," alisema Sindano.

Wote wawili walimgeukia.

"Kiota kipo, hakikuvunjika. Mama yao yupo, nilimwona ameleta kiwavi. Kuna mwingine ndani, bado anamlisha. Nilitaka wawe wangu. Yule aliyekufa nilimpa maji kwa kijiko."

Daktari alichukua kitambaa safi, akamfunika kinda. "Basi umemfungulia kinda huyu mlango wa kurudi kwao," alisema. "Mrudisheni."

"Lakini daktari," aliuliza mama, "si husemwa ndege akisikia harufu ya mkono wa mtu humkana mwanawe?"

"Husemwa sana, na makinda wengi wamekufa kwa sababu hiyo. Ndege hamwachi mwanawe kwa harufu ya mkono. Anachokimbia ni watu kumsimamia pale kiotani. Kwa hiyo mwekeni, ondokeni, mkatazame kwa mbali. Na siku nyingine, mwanangu, ukimkuta kinda mwenye manyoya kamili anarukaruka chini, huyo hajapotea, anajifunza. Msogeze tu kichakani, mbali na paka. Wa kurudishwa kiotani ni huyu asiye na nguo."

Njia nzima mama alitembea mbele kwa haraka, na Sindano aliona heri angegombezwa.

Waliazima ngazi kwa yule fundi wa rangi, iliyojaa matone ya rangi za nyumba za watu. Mama aliishika chini kwa mikono miwili.

"Nipande mimi?" aliuliza Sindano.

"Uliyemtoa ni wewe."

Alipanda. Mwanyani kulikuwa na joto na harufu ya nyasi kavu. Kinda wa tatu alipanua mdomo akidhani ni chakula. Sindano alimlaza yule aliyetibiwa ubavuni kwa ndugu yake, akakisukuma kiota kikakaa sawa, akashuka. Wakaingia ndani, wakasimama nyuma ya pazia.

Mama shomoro alikuja, akatua kwenye kamba. Alitazama ukuta. Akaruka akaenda zake.

"Amemkataa," alinong'ona Sindano.

"Nyamaza."

Akarudi na kitu cha kijani mdomoni. Akasogea kwenye kamba, hatua moja, hatua mbili, akageuka, akaondoka tena. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye paa la jirani. Sindano alikuwa ameng'ang'ania pazia mpaka vidole vikamuuma. Mara ya tatu ndege hakutua kwenye kamba. Alikwenda moja kwa moja mwanyani, na sauti mbili zikalia kwa pamoja, moja ya nguvu, moja ya kukwaruza. Alipotoka, mdomo wa manjano wa yule wa sauti ya kukwaruza ulionekana mwanyani, bado ukimeza. Baadaye kidogo akaja baba yao, mwenye koo jeusi, naye akaingia.

Sindano aliachia pazia.

"Nawa mikono," alisema mama, "kisha uje uketi hapa."

Aliketi kwenye kigoda, karibu na magauni ya kwaya.

"Sikiliza. Hukukosea kumwokota kiumbe aliyeanguka. Ulikosea pale ulipoona anachohitaji ukampa unachotaka wewe. Alihitaji hatua ishirini za kwenda kuazima ngazi, ukampa boksi. Kisha ukanidanganya, na mimi nikaenda kusimama mbele ya daktari nikamdanganya kwa niaba yako. Kwa yale maneno yako angetibiwa kama yatima, naye ana mama na baba nje."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Uliposema kweli ulikuwa na haya, na ukasema hivyo hivyo. Hilo nimeliona."

Sindano aligeuka kutazama upande wa pipa la maji. "Na yule mwingine?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga.

"Yule hatuwezi kumrudisha. Ungesema kweli Alhamisi, angekuwa kule juu anagombania kiwavi na ndugu zake. Ukweli wa leo umemfaa mmoja. Wa jana ungewafaa wawili. Ndiyo maana mtu anapojua amekosea, mwanangu, hangoji kesho. Anasema siku ile ile."

Nje, kwenye mwanya wa bati, makinda walianza kulia tena, na kivuli cha mbawa kikapita dirishani.